Matendegu Chini ya Landrova

Mtu akikwambia mwali ndani anastarehe, mwulize yeye aliwekwa lini. Wanaosema hivyo ni wanaume, na wanawake waliokwisha kusahau. Biasha binti Mwinyimvua aliwekwa ndani pale Kibiti watu wakiwa wanasia mpunga, na tangu siku hiyo dunia yake ikawa chumba kimoja cha nyuma: dirisha limezibwa kwa mbao, mlangoni pazia, katikati kitanda cha kamba. Hana ruhusa ya kutoka, hana ruhusa ya kucheka kwa sauti, hana ruhusa ya kusikika na mwanamume, hata baba yake mzazi. Akitaka kusema neno amwambie kungwi wake, Bi Sihaba. Bi Sihaba akiona neno linafaa, atalipeleka mbele. Akiona halifai, basi, limekufia hapo hapo chumbani.

Na huyo Bi Sihaba alikuwa na vidole, Mola atuepushe! Alifinya kwa kucha mbili, upande wa ndani wa mkono pale nyama ilipo laini, naye anatabasamu. Ati mwali ajifunze kustahimili bila kukunja uso. Umekaa vibaya, unafinywa. Umeuliza, unafinywa. Umelia kwa sababu ya kufinywa, unafinywa tena. Biasha alikuwa na alama bluu kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko, na mama yake Mwamvua alipokuwa akimwogesha aliziona, akazipitishia maji tu, kwa sababu naye alipokuwa mwali alikuwa nazo.

Kilichomfanya avumilie ni kitu kimoja tu. Shangazi yake Habiba alikuwa na vyerehani kule Ikwiriri, naye alisema kwa kinywa chake mwenyewe: mwali akitolewa mavuno haya namchukua, namfundisha kushona, na cherehani kile cha pembeni kitakuwa chake. Akaongeza, maana Habiba si mtu wa kupindapinda maneno, kwamba ni mavuno haya na si mengine, watoto wa watu wanamsumbua kila siku. Biasha alikiwaza cherehani kile mchana na usiku. Akikaa kitandani mguu wake ulikanyaga sakafu juu chini, juu chini, kama aliye kazini. Alitaka kutoka. Hakutaka kingine chochote duniani.

Sasa, ukutani karibu na kichwa cha kitanda udongo ulikuwa umebanduka, pakabaki tundu la kupitisha kidole. Lilitazama uani, mahali ambapo baba yake aliegesha Landrova. Mwali hachungulii. Biasha alichungulia kila siku.

Mwinyimvua baba yake alikuwa dereva wa shirika. Miaka ile mashirika yalikufa kama kuku wa kideri, na la kwake lilipokufa akaambiwa fedha ya kiinua mgongo hakuna, chukua hilo gari bovu uende zako. Akalifufua. Akawa anabeba watu na mizigo baina ya Kibiti na vijiji vya Dimani. Soko huria limeingia, kila mwenye pumzi anauza kitu, naye akaanza kutembea kifua mbele kama tajiri. Kisha yakaja malori ya magogo. Malori yale yalichimba njia, masika yakamalizia, pakawa na mifereji miwili ya matope na tuta kubwa katikati. Landrova na matairi yake mafupi ya saba hamsini ikiingia mle, magurudumu yananing'inia, tumbo limelala juu ya tuta. Abiria washuke, wavue viatu, wasukume, na nauli wamelipa. Vijana wa stendi wakaibandika jina, wakaiita Kobe. "Kobe kaondoka?" "Kaondoka, akalale kidogo njiani."

Mwinyimvua jina hilo lilimla roho. Lakini aliyelichochea zaidi ni shemeji yake.

Ni hivi. Kwao mwali siku ya kutolewa hatembei. Hupelekwa kwa bibi yake mzaa mama, ngoma inamngoja huko, na hakanyagi chini hata unyayo mmoja mpaka awekwe juu ya mkeka wa bibi. Anayembeba ni mjomba, mabegani, na si mwingine yeyote. Akikanyaga kabla ya mkeka, huyo hajatoka, anarudishwa ndani mpaka mavuno mengine. Ndivyo walivyowekewa. Bibi yake Biasha alikuwa Dimani, na mjomba alikuwa Mshamu, kaka yake Mwamvua, mtu wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi.

Siku moja Mshamu akaja, akasimama uani, akaipiga Landrova teke la ubavuni. Biasha alimwona kwa jicho lake moja.

"Shemeji," akasema, "mavuno yamekaribia. Kobe wako mfungie bandani. Mie mabega ninayo."

"Binti yangu habebwi kama gunia la mpunga," Mwinyimvua akajibu. "Atakwenda kwa gari mpaka kwenye mkeka wa bibi yake. Na hashuki mtu kusukuma."

"Kwa hilo?" Mshamu akacheka mpaka akashika mbavu. "Yakhe, hilo gari lenyewe linataka mjomba wa kulibeba!"

Watu waliokuwa wakipita njiani wakacheka nao. Mwinyimvua akasema neno ambalo nisingelirudia lakini sina budi: akamwambia Mshamu kwamba mtu aliyeshindwa kujipatia hata baiskeli asitafute ukubwa kwenye mgongo wa mtoto wa mwenzake. Mshamu akainama. Akaokota udongo kidogo, akauweka ulimini, akala yamini pale pale kwamba mabega yake hayatambeba Biasha, hata waje kumwita kwa kilio. Akaondoka. Wanaume wawili wazima hao. Na Biasha nyuma ya ukuta akaelewa kwamba sasa hakuna bega, limebaki gari.

Fundi wao alikuwa Sadallah. Kama kuna mtu aliyepata kusikia neno "haiwezekani" kutoka kinywani mwa Sadallah, ajitokeze. Kwake kila kitu kinawezekana mradi mwenye gari yupo, chai ipo, na sigara ipo.

"Dawa ni mia tisa," akasema. "Matairi ya mia tisa kwa kumi na sita. Rimu ni ile ile, lakini tairi refu, nene. Ukivaa hayo, matuta utayapita kama unaruka mkeka."

Mapya yalikuwa Dar, na bei yake ya kumfukuza mtu dukani. Lakini kulikuwa na tela la trekta la mradi wa pamba uliokufa, limesimama porini na matairi kama hayo, na mlinzi wake hajaona mshahara tangu mradi ufe. Mlinzi alitaka mpunga. Mpunga uliokuwepo ghalani ni ule wa shughuli ya mwali. Mwamvua aliposikia magunia yanaburutwa alitoka mbio.

"Baba Biasha, wageni watakula nini?"

"Watakula macho," akajibu. "Wataona gari, watashiba."

Matairi yakaja, makubwa kweli, meno yake marefu, yamepauka kwa jua. Sadallah akayafunga. Landrova ikasimama juu, ikapendeza, na Mwinyimvua akaingia, akazungusha usukani. Kraaa! Tairi likauma madigadi, likakwama hapo hapo. Sadallah akachukua tindo na nyundo akaanza kuzikata madigadi, bati linalia, kuku wanakimbia, Biasha ndani meno yanamsisimka. Zikakatwa mpaka zikabaki kama masikio ya mbwa mgomvi. Wakajaribu tena. Sasa tairi halikugusa madigadi, lakini gari likipanda kishimo lilisugua juu.

"Tuinyanyue," akasema Sadallah. "Tuweke vipande baina ya ekseli na springi. Bodi itapanda, tairi litacheza."

"Vipande vya nini?"

"Dar wanatumia chuma. Siye tuna miti. Tafuta mpingo. Mpingo na chuma ni ndugu."

Na yubolti za kushikia hivyo vipande, ndefu kuliko zile za zamani, zingetoka wapi? Mwinyimvua akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye dirisha la mwali. Dirisha lile lilikuwa na nondo. "Limezibwa kwa mbao," akasema, "nondo za nini? Mwali hahitaji." Wakazing'oa, zikapelekwa kwa mhunzi, zikapindwa, zikachongwa meno. Usiku ule Biasha alilala akisikia upepo unapenya pembeni mwa mbao, na kila tawi lililogonga lilimfanya ajikunyate.

Kesho yake wakaja kwa mpingo. Mpingo uliokuwa jirani kuliko wote ulikuwa miguu minne ya kitanda cha mwali, matendegu mazito meusi, yaliyochongwa enzi za mama yake Mwinyimvua. Waliozaliwa juu ya kitanda kile walikuwa wengi, Mwinyimvua mwenyewe akiwa mmojawapo.

"Mwali hahitaji miguu ya kitanda," akasema. "Anaanguka kwenda wapi?"

Sadallah akacheka mpaka akakohoa. Biasha akasimamishwa pembeni amefunikwa kanga gubigubi, Bi Sihaba na Mwamvua wakakitoa kitanda uani, matendegu yakagongwa yakatoka. Kisha kitanda kikarudishwa kimelazwa juu ya matairi ya zamani, yale ya saba hamsini, moja kila pembe. Chumba kizima kikanuka mpira na kinyesi cha ng'ombe wa njiani. Mwamvua alitandika shuka bila kumtazama mwanawe usoni.

Haya sasa, hapa ndipo penyewe. Mtu akikaa gizani miezi, vidole vyake vinaota macho. Biasha alikijua kitanda kile kuliko alivyoujua uso wake. Alijua kwamba tendegu la kichwani, upande wa ukuta, lina ufa. Ufa mwembamba uliozibwa kwa nta na marehemu bibi yake mzaa baba, umeanzia pale palipo panene unateremka chini, na nta ile Biasha alikuwa ameikwangua kwa ukucha kila siku, bila kufikiri, kwa kukosa la kufanya. Akakimbilia tundu. Akamwona Sadallah ameketi juu ya kigogo, tendegu mapajani, anakata kwa msumeno sehemu nene, ile ile. Nta ikadondoka. Sadallah akasimamisha msumeno, akainamisha kichwa, akatazama. Akatazama nyuma aone kama mwenye gari anamwona. Akachota grisi kwa kidole, akaupaka ule ufa, akafuta kwa suruali.

"Safi!" akasema kwa sauti. "Hiki mbele kushoto, upande wa pili wa dereva."

Loo! Biasha alitaka kupiga kelele. Mkono ulikwenda mdomoni wenyewe. Mwali hasikiki na mwanamume.

Bi Sihaba alipoingia na uji, alimwambia. "Somo, tendegu la kichwani lina ufa. Fundi kauona, kaupaka grisi, kaliweka mbele kushoto. Mwambie baba."

Bi Sihaba akaweka bakuli chini taratibu. "Umejuaje limewekwa wapi?"

Biasha akainamia bakuli.

"Umejuaje, mwanangu?" Na vidole vikaanza kazi. Alimfinya mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, hana haraka, kama anayechambua mchele. "Mwali hana jicho. Mwali hana mdomo. Kuchungulia peke yake kunatosha kukurudisha ndani mavuno mazima, wajua? Mie nimekusitiri. Ukilinena tena neno hilo, sikusitiri."

Akalinena tena. Alimwambia mama yake bafuni, kwa mnong'ono, maji yakimwagika ili yafunike sauti. Mwamvua alimtazama, na jioni, wakati mumewe anakula na roho yake nyeupe, akajaribu kwa upole, kama mtu anayemsogelea mbwa aliyefungwa.

"Baba Biasha, nasikia tendegu moja lina ufa."

"Unasikia kwa nani?"

Mwamvua hakujua kusema uongo, na huo ndio ulikuwa ulemavu wake. Macho yake yakakwenda kwenye mlango wa chumba. Mwinyimvua akaacha tonge, akatoka uani na kurunzi, akaukagua ukuta wote kwa mkono mpaka akalipata tundu. Akainama. Biasha alikuwa upande wa pili, jicho lake hapo hapo, kwa hofu hajaliondoa. Wakatazamana, jicho kwa jicho, baba na mwana, mara ya kwanza tangu msimu wa kusia mpunga.

"Mwali ananifundisha gari," akasema Mwinyimvua, polepole. "Miaka yote nimeendesha viongozi, leo mwali ananifundisha gari."

Akafinyanga udongo na maji. Biasha aliona vidole vya baba yake vinakuja na bonge la tope, kisha hakuona tena kitu. Udongo uliobaki aliupiga piga kwa kiganja kwa nje, pa, pa, pa, mpaka ukalainika.

Gari likajaribiwa stendi, na niseme kweli, lilipendeza. Lilipita dimbwi la sokoni ambamo basi la abiria lilikuwa limelala siku mbili. Vijana wale wale wakapiga miluzi, wakalibatiza upya, wakaliita Twiga. Mwinyimvua akawanunulia soda. Usukani ulikuwa mzito kama kukoroga ugali wa msiba, na kona kali lilikuwa haliwezi, kwa kuwa Sadallah alilizuia tairi lisigeuke sana, lisije likauma springi. Kila kona ilitaka mbele, nyuma, mbele tena. Lakini nani anatazama kona mtu akiwa juu?

Siku ya kutoka ilifika. Mvua zilikuwa zimekataa kukatika mwaka ule, lakini asubuhi hiyo jua likawaka. Biasha alipakwa liwa, akavikwa kanga mpya, akafunikwa kichwa chote, na Bi Sihaba na wanawake wenzake wakamwinua kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha mbele bila unyayo kugusa ardhi; Bi Sihaba alikuwa ameamua kwamba mpaka garini wanawake wanaruhusiwa, na gari si mtu, halimo kwenye mwiko. Kwa mara ya kwanza tangu awekwe ndani alisikia joto la jua juu ya magoti. Alilia kimya kimya ndani ya kanga, na kwa mara ya kwanza Bi Sihaba, aliyeketi naye, hakumfinya. Mwamvua na wanawake wengine walipanda nyuma, vigelegele juu ya vigelegele. Mwinyimvua alivaa kanzu. Alipopiga honi kona ya mwisho ya Kibiti, alipunguza mwendo makusudi, kwa sababu Mshamu alikuwa pembeni mwa njia, anakwenda Dimani kwa miguu kama watu wengine. Hawakusalimiana.

Dimbwi la kwanza wakalipita. La pili wakalipita, tope likaruka, wanawake wakaimba, na Biasha akaanza kuamini. Alijiambia labda ufa haukuwa mkubwa. Labda vidole vyake vilimdanganya gizani. Akasikia ngoma kwa mbali, ngoma yake yeye, na mguu wake chini ya kanga ukaanza, juu chini, juu chini.

Kijiji kilikuwa kimekaribia kiasi cha kusikia maneno ya wimbo walipofika kwenye kona ambapo malori ya magogo yalikuwa yamechimbua pande zote. Kona ilikuwa kali. Mwinyimvua akakata usukani mpaka mwisho, gari halikuingia. Akarudi nyuma. Akaja tena kwa nguvu, gurudumu la kushoto likapanda tuta, likaning'inia kidogo, likatua.

Ikalia pa! kama kuni kavu inavyovunjwa gotini. Kiti kikazama chini ya Biasha. Ekseli ikateleza, tairi lile kubwa likageuka likajibana ndani ya bati, na Landrova ikainamia ubavu wa kushoto, injini ikazima. Kipande cha mpingo kikaruka njiani, nusu yake ikang'aa grisi.

Wanawake wakashuka wakipiga mayowe. Wakasukuma, wakanyanyua, wakaweka mawe. Tairi lile halikutikisika. Mwinyimvua alilala chini ya gari na kanzu yake nyeupe, akatoka si mtu, akaanza kumlaani Sadallah, ambaye wala hakuwepo. Ngoma ilikuwa inaendelea kulia. Juu ya kiti Biasha hakujisogeza, magoti kifuani, miguu ameikunja, maana sakafu ya gari ilikuwa imeanza kujaa tope.

Mshamu akawasili. Akasimama, mikono nyuma.

Mwamvua akampigia magoti kaka yake pale pale kwenye matope. "Kaka, mbebe. Ni hapo tu. Sikia, ngoma hiyo hapo."

"Nimekula yamini, dada."

"Mtoto ana kosa gani, kaka?"

"Hana," akasema Mshamu. "Mwambie baba yake, gari limbebe." Wala hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Alikuwa anaufurahia ukweli wenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayekula muwa.

Mwanamke mmoja akasema watandike kanga, mwali apite juu yake. Bi Sihaba akakataa, mkeka wa bibi ni mkeka wa bibi. Mwingine akasema kijana yeyote mwenye nguvu ambebe. Bi Sihaba akakataa. Akakataa hili akakataa lile, na ninavyomjua mie, hata angeshuka malaika angemwuliza yeye ni mjomba wa upande upi.

Hapo Mwinyimvua akapandwa na mori. Akafungua mlango, akamsukuma kungwi pembeni, akamzoa binti yake kwa mikono miwili, jambo ambalo baba hafanyi, na akaanza kwenda mbio kuelekea kwenye ngoma. Biasha alisikia moyo wa baba yake unavyogonga. Alimshika shingo. Kwa hatua chache zile, wallahi, alimpenda, alisahau tundu, alisahau nondo na matendegu. "Twende, baba," alisema moyoni, "twende tu."

Mguu wa Mwinyimvua uliingia kwenye mfereji wa lori. Wakaanguka wote wawili, kifudifudi, kanga ikamvuka kichwani, na Biasha alipojiinua alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili ndani ya tope, mbele ya wanaume, wanawake na watoto waliokuwa wamekuja mbio kumlaki. Ngoma ikakatika.

Watu wakatazama miguu yake. Yeye akamtazama baba yake. Kisha akasema kwa sauti, sauti kavu ya mtu ambaye hajaitumia kwa muda mrefu:

"Nilisema lina ufa."

Nani alimsikiliza maneno? Walisikia sauti tu. Mwali kanena mbele za watu! Bi Sihaba akamfunika upesi kama anayefunika chungu kisimwagike. "Kakanyaga," akatangaza, "na kanena. Arudishwe ndani." Bibi yake, aliyengoja siku nzima kijijini, habari zilipomfika alikunja mkeka wake akaingia nyumbani. Mwinyimvua alibaki amekaa chini, na hakumtetea. Ninarudia, hakumtetea kwa neno moja.

Akarudishwa kwenye chumba kile kile, juu ya matairi yale yale. Kabla mwezi haujaisha Habiba alileta salamu kutoka Ikwiriri: pole kwa yaliyotokea, cherehani cha pembeni kimepata mtu. Mwamvua alimpa habari hiyo bafuni, kwa mnong'ono. Biasha akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo mguu wake ulitulia. Nje vijana walikuwa wamelibandika gari jina la tatu. Waliliita Mwali. Alikuwa akiwasikia wakipita: "Mwali yuko wapi leo?" "Mwali kaanguka, hajanyanyuka!" Nao wanacheka, wana haki gani ya kucheka, sijui.

Msimu wa kusia ulipokaribia, Mwinyimvua alimrudia Sadallah. Abiria wapo, malori yamezidi, na gari linataka kipande kimoja tu lisimame. Watu wa Dimani walikuwa wamekwisha kulipa nauli ya kesho yake. Safari hii wangekata mbao ndefu ya ubavuni mwa kitanda cha mwali, mfumbati, ya mninga mzito. Biasha aliwasikia mlangoni. Akasikia baba yake anasita.

"Bi Sihaba," akasema Mwinyimvua nyuma ya pazia, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Hebu mwulize mwali. Huu nao una ufa?"

Bi Sihaba alishangaa mpaka akakosa la kufinya. Akamgeukia Biasha. "Umeulizwa."

Biasha akapitisha vidole kwenye mfumbati, taratibu, kuanzia miguuni kuelekea kichwani. Karibu na jicho la ubao ukucha wake ukazama. Akausukuma, ukaingia mpaka kwenye nyama. Akauacha humo kidogo, akasikiliza: nje Sadallah alikuwa akinoa msumeno, na baba yake alikuwa akipumua kwa nguvu, anangoja.

"Hauna," akamnong'oneza kungwi wake. "Mwambie baba hauna."